Uzi: Picha za nje zenye sura ya filamu, na ngozi zetu zisipauke

Wadau wa kamera, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Juzi nilirudishiwa picha 36 na mama mmoja wa Kibokoni. Nilimpiga yeye na binti zake watatu kando ya ukuta wa Fort Jesus, jua likiwa limeshalala, kisha nikaziediti kwa preseti niliyoinunua mtandaoni, yaani mpangilio wa rangi uliotayarishwa kabla, wa kuigiza picha za kamera za zamani za filamu. Mimi niliziona nzuri. Yeye alizitazama moja moja kwenye simu, akaniambia: "Mwanangu, buibui hili nimelishonesha kwa arusi ya dadangu, halijapata hata kuona maji. Mbona hapa limekuwa kuukuu? Na huyu mwanangu wa mwisho, umempaka majivu?"

Nikazitazama tena kwa jicho lake. Alisema kweli. Weusi wa buibui ulikuwa kijivu cha nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima, na yule binti mdogo, ambaye ana ngozi nyeusi ing'aayo kama mpingo uliopakwa mafuta, alikuwa amepauka kama mtu aliyetoka kwenye vumbi la simiti. Preseti ndiyo iliyofanya hivyo, na mimi nilikuwa nimeibonyeza bila kufikiri.

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nikaenda kwa nyanya yangu Majengo kumuomba albamu yake. Nilitaka kujua hiyo filamu tunayoiigiza kila siku ilikuwa na sura gani hasa, si kwa kuambiwa na muuza preseti.

Ndani ya albamu kulikuwa na picha yake na shangazi zangu wawili, imepigwa Makadara sikukuu ya Idi, miaka ya 1980. Picha yenyewe imegeuka nyekundu, buibui limekuwa kama kahawia, mbingu hazipo. Nikajisemea: hii ndiyo sura ambayo preseti yangu inaitafuta. Lakini nyuma ya picha, katika bahasha ya studio, mlikuwa na negativu yake, kile kipande cha filamu chenye rangi zilizogeuzwa. Nikaishikilia mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta, nikaipiga kwa lenzi ya karibu, nikaigeuza rangi. Jamani! Buibui lilitoka jeusi ti. Kanzu ya mtoto aliyepita nyuma ilikuwa nyeupe yenye mikunjo yote ikionekana. Uso wa nyanya ulikuwa na wekundu wa chini kwa chini, ule wa damu, na kwenye kipaji cha uso mwanga uliteleza polepole bila kupasuka.

Basi hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Tunachokiita sura ya filamu mara nyingi ni sura ya karatasi iliyozeeka. Picha nyingi za rangi za zamani, wino wake wa samawati ndio uliokuwa dhaifu; ukishaondoka, wekundu na umanjano hubaki peke yake, na weusi hulegea. Huo ni uzee. Filamu yenyewe siku iliposafishwa haikuwa hivyo. Anayetaka uzee aufanye akijua ni uzee. Anayetaka filamu aanze na weusi ulio weusi na ngozi iliyo hai, na huo ndio msimamo wangu katika uzi huu wote.

Naendelea hapa chini. Msikatize kwanza.

*

SEHEMU YA PILI: MWANGA

Huwezi kuediti picha ya saa saba mchana ukaipa sura ya filamu. Wengi tunajaribu, tunashindwa, tunalaumu simu.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua letu halilali kwa mshazari kama la Ulaya, linashuka wima kama nazi iliyokatwa. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo zile nyuzi 6 za mwisho kabla ya kutua, ambazo ndizo zenye mwanga wa dhahabu, ni kama dakika 24. Video za Wazungu zinazosema una saa nzima au mbili si za kwetu. Jua hapa hutua kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 jioni kwa mujibu wa mwezi, na wewe uwe umeshamaliza kumpanga mtu wako kabla. Mwezi wa 3 na mwanzo wa mwezi wa 10 ndio mbaya zaidi mchana, kwa kuwa jua huwa utosini kabisa. Macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili.

Jambo jingine ambalo wageni hulikosea: bahari yetu iko mashariki. Ukimpeleka mteja ufuoni Nyali au Bamburi jioni, jua limeshajificha nyuma ya minazi na mahoteli. Hapo mna kivuli kizuri cha wazi, laini, chenye ubluu kidogo, lakini dhahabu hampati. Dhahabu ya ufuoni ni ya alfajiri, jua likitoka majini. Jioni mimi napenda Mama Ngina, au nabaki Mji wa Kale.

Na Mji wa Kale hata saa nne asubuhi unafaa. Vichochoro ni vyembamba, jua linapiga ukuta wa juu wa upande mmoja, mwanga unarudi chini umeshalainika. Simamisha mtu kizingitini mwa mlango wa mbao, uso wake uangalie ukuta wenye jua. Ukuta mweupe utampa mwanga safi. Ukuta wa rangi ya udongo utamtia joto usoni, na hilo halihitaji preseti yoyote.

Kupiga kwenyewe: filamu ya negativu husamehe sana upande wa mwanga mwingi. Waliotumia filamu ya Kodak Portra 400 walikuwa wakiipa mwanga zaidi ya ilivyoandikwa, na rangi zikazidi kuwa laini. Kamera ya dijitali ni kinyume chake. Sehemu ikishaungua imekwisha, haina cha kurudisha, lakini vivuli vina akiba. Kwa hiyo punguza ekspoja kidogo, yaani mwanga unaoingia kwenye kamera, theluthi mbili za stopu kwa mfano (stopu moja ni kuupunguza mwanga nusu), uokoe kofia nyeupe na kanzu na mbingu, halafu utainua uso baadaye. Na piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, ukiivuta sana ngozi hupasuka vipande vya rangi.

*

Mdau wa Kisauni anaandika:

Kaka, shukran kwa uzi. Lakini mimi sina kamera, nina simu ya kawaida tu. Je, nifunge virago?

*

Jibu: Hapana, dada, usifunge. Simu nyingi zina hali ya kitaalamu ndani ya kamera, hapo utakuta RAW. Ikiwa yako haina, zima vipambo vyote vya kulainisha ngozi kabla hujapiga, kwa sababu ngozi iliyofutwa vinyweleo haiwezi kuwa ya filamu tena, hata uimwagie chembe za kichanga, zile nukta ndogo ndogo za filamu. Programu ya Snapseed ni ya bure na inafungua faili za DNG, ambazo ni aina ya RAW. Kwenye kompyuta kuna Darktable na RawTherapee, zote bure kabisa, na hiyo ya pili ina sehemu maalumu ya kuigiza filamu. Lightroom ya simu ina mstari wa toni bila malipo. Hatua nitakazotaja zinafanyika kwenye hizo zote, majina ya vitufe tu ndiyo yanayobadilika.

*

SEHEMU YA TATU: KUEDITI

Sitawapa preseti. Nimeombwa inbox na watu watatu tayari, na nawajibu hapa hapa: preseti ya picha yangu ya Mama Ngina itaiharibu picha yako ya Tudor. Nitawapa mpangilio, mkono uwe wako.

Kwanza mizani ya weupe, yaani kupasha au kupoza rangi za picha, na itafute usoni, si ukutani. Preseti nyingi huanza kwa kupasha picha nzima joto. Kwa mtu wa ngozi nyeusi aliyesimama kwenye mwanga wa jioni, joto tayari lipo. Ukiongeza, anakuwa wa chungwa. Mimi huwa napoza kidogo kisha naongeza majenta, ile rangi ya zambarau-nyekundu, kidogo sana. Majani ya minazi na nyasi hutupa ukijani chini ya kidevu, na ukijani huo ndio unaomfanya mtu aonekane mgonjwa.

Pili mstari wa toni, ule wa mshazari unaoushika kwa kidole na kuukunja. Hapa ndipo filamu ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tabia ya filamu ilichorwa zamani: watafiti wawili, Hurter na Driffield, waliichapisha mwaka 1890, na mchoro wao una umbo la herufi S iliyolala. Chini una wayo, katikati umenyooka, juu una bega. Bega ndilo siri. Mwanga ukizidi, filamu haigongi ukuta na kuwa nyeupe ghafla. Inapunguza mwendo taratibu, kama mashua inayokaribia gati. Ndiyo maana kipaji cha uso wa nyanya kilikuwa na mteremko.

Mwangaza hupimwa kutoka 0, weusi kabisa, hadi 255, weupe kabisa. Basi shika ncha ya juu kulia, ile ya 255, ishushe hadi 245 hivi. Weka nukta nyingine kabla yake, uiinamishe kwa upole, uone mng'aro wa ngozi ukitulia. Halafu nenda chini kushoto. Preseti yangu ya zamani ilikuwa imeinua weusi kutoka 0 hadi karibu 40. Hiyo ndiyo iliyolichakaza buibui la mama wa watu. Ukitaka, inua hadi 6 au 8, usizidi hapo. Kama katika picha kuna buibui, ninja, au suti nyeusi, mimi siinui kabisa. Buibui jeusi lina heshima yake. Mtu amelipa fundi, amechagua kitambaa, amepiga pasi. Si kazi yangu kumfulia.

Kwa ngozi nyeusi, weka nukta moja zaidi chini kidogo ya katikati ya mstari, uinyanyue kidogo mno. Uso wake uko pale, haupo pale preseti inapodhani upo.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Preseti hizi hazikuanza leo kutukosea. Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, ikaitwa Shirley, na kwa miongo mingi mitambo ya kutoa picha ilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Wenye ngozi nyeusi waliopigwa pamoja na weupe walitoka meno na macho tu. Malalamiko yaliyosikilizwa upesi, kwa mujibu wa walioichunguza historia hiyo, yalikuwa ya watengeneza fanicha na watengeneza chokoleti, waliotaka mbao na chokoleti zao zitofautiane pichani. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo tunaponunua preseti iliyojaribiwa kwa Wazungu shambani kwao, tunairudisha ile kadi mezani kwetu kwa pesa zetu wenyewe.

Tatu, rangi moja moja. Lightroom ina vidoti vinane vya rangi. Ngozi zetu zinakaa kwenye chungwa na nyekundu, na nyekundu zaidi kadiri mtu anavyokuwa mweusi. Preseti hupunguza ukolevu wa chungwa na kuinua mwangaza wake, ili ngozi nyeupe iwe kama maziwa. Kwetu, hiyo ndiyo dawa ya kupausha. Fanya kinyume: mwangaza wa chungwa ushushe kidogo, ukolevu uache ulivyo. Nyekundu iguse kwa hofu, kwa sababu leso nyingi ni nyekundu, na leso ya kisutu ikibadilika rangi kila mama wa pwani atakwambia.

Kijani kisogeze kuelekea njano, kisha kipunguze ukolevu. Kamera za dijitali hutoa minazi kama imepakwa rangi ya mlango. Samawati ya mbinguni isogeze kidogo kuelekea maji ya bahari ya kina kifupi, uiinue mwangaza. Negativu ilitoa mbingu nyepesi.

*

Mdau wa Likoni anaandika:

Nakubali mengi, lakini wateja wangu wa feri wanataka picha ing'ae, rangi zipige kelele. Nikiwapa hizi za utulivu wanasema simu yao inapiga vizuri kuliko mimi. Mapenzi ya mpiga picha na njaa ya mpiga picha ni vitu viwili.

*

Jibu: Ni kweli, na sikubishii. Mimi pia nauza. Lakini angalia: yule mama hakulalamika kwamba picha haing'ai. Alilalamika kwamba nguo yake na mwanawe hawakuwa wenyewe. Mpe mteja wako weusi mzito na ngozi yenye mafuta yake, atasema inang'aa, hata kama mbingu umezituliza. Rangi za kelele zinatafutwa na mtu ambaye uso wake umepauka. Anataka kitu chochote pichani kiwe hai.

*

Mzee mmoja anaandika:

Vijana, nawasoma tangu jana na nimefurahi. Mimi nilifanya kazi chumba cha giza hapa mjini miaka mingi, nikisafisha na kutoa picha. Niwape yangu mawili. La kwanza, dawa ya rangi ilitaka joto la nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15. Ukikosea joto, rangi zapindana na huzipati tena. Kwa hiyo msidhani sura ya filamu ilikuwa ya bahati nasibu, ilikuwa nidhamu.

La pili, karatasi tulitoa kwa vichungi viwili, njano na majenta. Picha ikitoka nyekundu sana, waongeza njano na majenta, wekundu wapungua. Kinyumenyume, lakini mkono wazoea. Na kipimo changu hakikuwa kadi ya Kizungu. Nilikuwa nikikata kipande kidogo cha karatasi, nakitoa uso peke yake, nakausha, natoka nacho nje mlangoni nikitazame kwa jua. Uso ukiwa sawa, ndipo natoa picha nzima. Nguo na ukuta vilifuata uso.

Mwanangu, hilo uliloandika kuhusu buibui ni kweli tupu. Buibui likitoka kijivu, mteja hakulipa, na wala hatukumlaumu.

*

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Umenipa kitu ambacho sikukisoma popote. Tangu nikusome nimekuwa nikikata uso peke yake kwenye skrini, naujaza kote, naediti mpaka uwe sawa, halafu ndipo nafungua picha nzima. Nimeziediti hivyo picha zote 36. Inachukua muda, lakini nimeacha kudanganywa na ukuta wa rangi ya chungwa nyuma yake.

*

SEHEMU YA NNE, FUPI: CHEMBE NA WEKUNDU WA KINGO

Chembe huwekwa mwisho kabisa, baada ya kupunguza ukubwa wa picha. Ukizitia kwanza kisha ukapunguza, zinayeyuka. Katika filamu chembe huonekana zaidi kwenye toni za katikati, si ndani ya weusi wala kwenye weupe mkali, kwa hiyo ukiona buibui lina mchanga, umezidisha. Kwenye Lightroom mimi niko kati ya 15 na 25, ukubwa 25. Basi.

Kuna wale wanaopenda mng'ao mwekundu unaozunguka taa au kingo za jua. Hutokea mwanga ukipenya filamu, ukagonga mgongo wake na kurudi. Filamu nyingi zina tabaka la kuuzuia. Filamu ya CineStill 800T haina, ndiyo maana taa zake huwaka wekundu. Kwa picha za mchana sioni haja yake. Kwa taa za barabarani usiku, chini ya zile Pembe za Ndovu za Moi Avenue, unaweza kujaribu kidogo.

*

Mdau wa Changamwe anaandika:

Kwangu chembe zikifika kwa mteja zinakuwa matope. Nakosea wapi?

*

Jibu: WhatsApp ndiyo inayozibana. Usitume kama picha, tuma kama dokumenti. Mwambie mteja aifungue hivyo hivyo na aihifadhi. Na kama ataitoa karatasini, iinulie mwangaza kidogo kabla hujaipeleka, kwa kuwa karatasi haina taa ndani yake kama skrini. Weusi wa ngozi utazama usipofanya hivyo. Toa moja ndogo ya majaribio, toka nayo nje mlangoni, itazame kwa jua, kama alivyosema mzee.

*

Mdau wa Kisauni anaandika:

Na yule mama wa Kibokoni? Alizipokea?

*

Jibu: Nilimpelekea nne kwanza, karatasini, jana baada ya alasiri. Hakusema neno kuhusu rangi. Aliipitisha ile ya binti mdogo kwa jirani, jirani akaipitisha kwa mwenzake, kisha akaniuliza ile yenye mlango nyuma inaweza kutolewa kubwa kiasi gani. Nimemwambia nitamletea vipimo kesho. Mzee wetu, kama bado una vile vichungi, nakuomba tuonane. Nataka kuvipiga picha na kuviweka hapa.